Shahada Isitolewe kwa Asilimia za Kunakili

Mwanafunzi anayesimama mbele ya juri kutetea kazi yake, akanukuu asilimia kutoka ripoti fulani, kisha akashindwa kueleza asilimia hiyo ni ya watu gani, walichaguliwaje na walilinganishwa na nini, asipewe alama za kupita. Na juri iliyomwacha apite bila kumuuliza imekula posho ya bure. Tunaandika haya tukijua vyema kwamba vyuo vya Goma vimefundisha katika hali ambayo vyuo vingi duniani visingethubutu kufungua lango. Hukumu yetu haibadiliki kwa sababu hiyo.

Jimbo la Kivu ya Kaskazini limepimwa kila namna: utapiamlo, kipindupindu, uhamaji, ukatili dhidi ya wanawake, imani kwa polisi, bei ya unga. Na wanaopima ni vijana wetu. Ndio wanaopita mlango kwa mlango, simu mkononi ikiwa na fomu ya Kobo, ile programu ya kukusanyia data, wakimwuliza mama aliyechoka idadi ya watoto waliolala na njaa jana. Jioni data zinapanda kwenye seva. Baada ya miezi ripoti inatoka, kwa Kifaransa au Kiingereza, yenye picha nzuri kwenye jalada. Halafu kijana yuleyule, sasa akiwa mwaka wa mwisho, anaifungua ripoti ile, anasoma ukurasa wa muhtasari, anachota namba moja aliyoikusanya kwa miguu yake mwenyewe, anaibandika kwenye sura ya kwanza ya kazi yake na kuifunga. Ukurasa wa mbinu haukuguswa. Majedwali ya nyuma hayakuguswa. Alikuwa na nafasi ya kuijua namba ile vizuri kuliko profesa yeyote wa Geneva, akachagua kuijua kama msikilizaji wa redio.

Tunasema alichagua, ingawa kwa kweli alifundishwa hivyo. Fungua TFC, yaani kazi ya kumalizia masomo, ya afya ya umma au ya sayansi ya jamii, na uwezekano ni mkubwa utakutana na watu 384. Namba hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ukitaka uhakika wa asilimia 95 na kosa lisilozidi asilimia 5, ukakadiria kwamba nusu ya watu watajibu ndiyo, unazidisha 1.96 kwa 1.96, unazidisha kwa 0.25, unagawa kwa 0.0025, unapata 384.16. Hesabu ni safi. Lakini ina sharti lake, na sharti hilo ndilo linaloachwa nje ya mlango: kila mtu katika jamii inayochunguzwa awe na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Sasa mwanafunzi anakwenda kwenye soko la Birere, anawauliza wachuuzi waliokubali kusimama, anahesabu hadi 384, anarudi nyumbani na kuandika "wakazi wa Goma". Wachuuzi wa Birere waliokuwa na muda siku hiyo ni watu wa heshima, lakini si Goma. Hata wangekuwa 3,840 wasingekuwa Goma.

Na Goma yenyewe ni watu wangapi? Sensa ya mwisho ya nchi hii ilifanyika 1984. Tangu mwaka huo mji umepokea wakimbizi wa 1994, umeunguzwa na lava ya Nyiragongo Januari 2002 na tena Mei 2021, umejaa na kupungua kwa kila vita. Kila idadi ya watu tunayoiona kwenye ripoti ni makadirio yaliyojengwa juu ya makadirio. Mwanafunzi asiyejua jambo hili moja hawezi kusoma ripoti hata moja kuhusu mji anaoishi, kwa sababu karibu kila kiwango, cha vifo, cha chanjo, cha ugonjwa, kina idadi ya watu chini ya mstari.

Tuchukue mfano wa hapa nyumbani, ambao tunashangaa haufundishwi kila darasa la takwimu la mji huu. Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walimiminika Goma ndani ya siku chache. Kipindupindu kikaingia, kikafuatiwa na kuhara damu. Ardhi yetu ni jiwe la volkano, makaburi hayakuchimbika kirahisi, maiti zikawekwa kando ya barabara na malori yakapita kuzikusanya. Kwa msiba ule, ukusanyaji huo ndio uliowawezesha wataalamu kuhesabu. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha matokeo: karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, na kiwango cha vifo kilikuwa kati ya 20 na 35 kwa kila watu 10,000 kwa siku. Ieleweke kwamba kifo kimoja kwa watu 10,000 kwa siku kinatosha kutangaza hali ya dharura.

Kwa nini 20 hadi 35, na si namba moja? Mwanafunzi wa kunakili haulizi. Anaandika "35" kwa kuwa inatisha zaidi. Anayesoma anachukua kalamu. Wakimbizi walikadiriwa kuwa kati ya 500,000 na 800,000. Gawanya vifo 50,000 kwa watu 800,000 kwa siku 30: unapata takriban 20 kwa kila 10,000. Gawanya kwa 500,000: unapita 33. Maiti ni zilezile, barabara ni ileile, na kiwango kimepanda kwa zaidi ya nusu kwa sababu hakuna aliyejua kwa hakika walio hai walikuwa wangapi. Somo zima la usomaji wa takwimu limo katika mgawanyo huo, na limeandikwa kwa vifo vilivyotokea katika kambi za Kibumba, Katale na Mugunga.

Sasa tuje kwenye namba ambayo hapa kwetu haiguswi.

Milioni tano na laki nne. Kila mwanafunzi wa Goma ameisikia, wengi wameiandika, na siku hizi wengi wanaiita sita, wengine kumi. Ilitoka kwa shirika la misaada la IRC, lililofanya tafiti tano za vifo nchini mwetu kati ya 2000 na 2007. Ule wa tano ulizifikia kaya 14,000 katika kanda za afya 35, mikoa yote 11 ya wakati huo, na ripoti yake ikatoka Januari 2008. Ilikuwa kazi kubwa, iliyofanywa na watu waliokwenda kusikokuwa na barabara. Lakini ripoti haikusema kwamba watu milioni 5.4 waliuawa. Ilisema vifo vya ziada kati ya Agosti 1998 na Aprili 2007 vinakadiriwa kuwa milioni 5.4, na kwamba jibu la kweli linaweza kuwa popote kati ya milioni 3.0 na milioni 7.6. Ni wangapi kati ya wanaoinukuu 5.4 wameandika pia hizo mbili za pembeni? Bila hizo, namba imekatwa mikono.

Neno lenye uzito hapo ni "ziada". Ziada ya nini? Watafiti waliuliza kila kaya nani amekufa katika kipindi fulani, wakapata kwamba kitaifa walikufa watu 2.2 kwa kila 1,000 kwa mwezi. Kisha wakaondoa vifo ambavyo vingetokea hata kama vita visingekuwapo. Hicho ndicho kiwango cha kawaida, na hakuna aliyekipima, kilichaguliwa. IRC ilichukua wastani wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara, ambao katika utafiti wa tano ulikuwa 1.4. Ondoa 1.4 kwenye 2.2, unabaki na 0.8. Zidisha kwa mamilioni ya watu na kwa miezi yote, ndipo namba kubwa inapozaliwa.

Mwaka 2010 watafiti wa mradi wa Human Security Report, chini ya Andrew Mack huko Vancouver, walitoa hoja ambayo mwanafunzi yeyote wa hapa angeweza kuitoa mapema kama angefundishwa kusoma. Walisema Kongo ya Mobutu haikuwa nchi ya wastani. Hospitali zilikuwa zimekufa, barabara zimeliwa na msitu, mishahara ya wauguzi ni hadithi. Kiwango cha kawaida cha nchi kama hiyo kingekuwa karibu na 2.0. Ondoa 2.0 kwenye 2.2: inabaki 0.2, robo ya ile ziada ya mwanzo. Kwa tafiti tatu za mwisho, walisema, vifo vya ziada vinashuka kutoka karibu milioni 2.8 hadi chini ya milioni moja. Wakaongeza kwamba katika tafiti mbili za kwanza maeneo hayakuchaguliwa kwa namna ya kuwakilisha mashariki yote. Wabelgiji wawili wa demografia, André Lambert na Louis Lohlé-Tart, kwa njia nyingine kabisa, walifika kwenye takriban 200,000 kwa miaka ya 1998 hadi 2004. Nao wana la kujibu, kwa kuwa walitegemea pamoja na mengine uandikishaji wa wapiga kura, na daftari la wapiga kura halikutengenezwa kupima vifo vya watoto.

Tunajua tunapokanyaga. Wapo watakaosema kwamba kuihoji namba hii ni kuwasaidia wanaotaka vifo vyetu visahauliwe. Tunalikataa neno hilo kabisa. Anayedhoofisha madai ya wafu ni yule anayepanda jukwaani tarehe 2 Agosti, siku ya kuwakumbuka wafu hao, au anayeketi mbele ya mwanasheria wa kigeni, na namba asiyoweza kuitetea kwa dakika tatu. Hata hesabu ya chini kabisa iliyotajwa hapo juu ni watu laki mbili, na hakuna mahakama yenye haya inayoweza kuiita ndogo. Tangu 2007 IRC haijafanya utafiti wa sita. Basi hiyo sita na hiyo kumi zimetoka wapi? Mwanafunzi aulizwe. Na mwanasiasa naye aulizwe, ila huyo hatuna madaraka ya kumnyima shahada.

Kuna jambo jingine katika ripoti hiyohiyo ambalo linaumiza zaidi kuliko ubishi wa jumla. Katika kipindi cha utafiti wa tano, vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na silaha vilikuwa asilimia 0.4 tu ya vifo vyote. Waliobaki wengi waliuawa na malaria, kuhara, nimonia na utapiamlo, na karibu nusu ya waliokufa walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Vita viliua kwa kufunga zahanati na kumkimbiza mama porini na mtoto mwenye homa. Mwanafunzi wa uuguzi anayenukuu milioni 5.4 bila kufika kwenye jedwali hilo ameipita habari iliyomhusu yeye na taaluma yake.

Turudi karibu zaidi. Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Mwezi uliofuata timu ya watafiti iliwahoji watu wazima 961 huko Beni na Butembo, na mwaka 2019 matokeo yakachapishwa katika Lancet Infectious Diseases. Mmoja wa waandishi, Kenedy Bindu, alikuwa wa kituo cha utafiti cha chuo kikuu cha ULPGL, hapahapa Goma. Wawili wengine, Patrick Vinck na Phuong Pham, ndio walioanzisha ile Kobo ambayo vijana wetu huibeba kwenye simu. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba sayansi hii ni ya mbali.

Matokeo yaliyotembea dunia nzima ni kwamba robo ya watu hawakuamini Ebola ipo. Mtaani ikawa "robo ya Wakongo", au "watu wa Kivu". Waliohojiwa ni wa miji miwili, wiki mbili za Septemba 2018, wakati wagonjwa walikuwa bado wachache. Goma haikuwamo, na mgonjwa wa kwanza wa Goma alipatikana Julai 2019. Kuichukua namba ile na kuieleza Goma ya mwaka uliofuata ni kusema uongo kwa kutumia ukweli wa mwingine.

Tena ukurasa wenyewe una mtego mzuri wa kumfundishia mtu. Makala inasema waliosema Ebola haipo ni watu 230, asilimia 25.5. Chukua simu ugawe 230 kwa 961: utapata 23.9. Waliosema viongozi wa mahali wanatetea maslahi ya wananchi ni 349, na makala inasema asilimia 31.9, ukigawa mwenyewe unapata 36.3. Mwanafunzi mvivu haoni kitu. Mwanafunzi mwenye haraka anapiga kelele kwamba wamedanganya. Aliyefundishwa anarudi kwenye mbinu na kukuta kwamba majibu yamepewa uzito: katika uchunguzi wa hatua nyingi, wengine hupata nafasi kubwa ya kufikiwa kuliko wengine, na hesabu hurekebishwa ili jibu la mtu mmoja lisihesabiwe zaidi ya haki yake. Na hata hiyo 25.5 ina kingo zake, 21.7 na 29.6. Hapo ndipo tungependa kuona juri ikimshikilia mtetezi kwa robo saa.

Au imfungulie jedwali la PALM, jaribio la dawa za Ebola lililofanyika katika vituo vya jimbo hili kuanzia Novemba 2018 hadi Agosti 2019 chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe. Waliopewa ZMapp walikufa 84 kati ya 169. Waliopewa mAb114, iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, walikufa 61 kati ya 174. Waliopewa REGN-EB3 walikufa 52 kati ya 155. Ni asilimia 49.7, 35.1 na 33.5. Je, REGN-EB3 ni bora kuliko mAb114? Kama wagonjwa watatu tu wa mAb114 wangepona, tofauti ingefutika. Pengo la kusemewa liko kati ya hizo mbili na ZMapp. Hili halihitaji programu yoyote ya kompyuta. Linahitaji mtu aliyezoea kusoma namba ya watu kabla ya kusoma asilimia.

Tumesikia visingizio. Umeme hakuna, vifurushi vya intaneti ni ghali, benki zilifungwa kwa mapigano ya Januari 2025, uwanja wa ndege ukafungwa, vitabu havifiki. Yote ni kweli. Lakini ripoti ya IRC inasomwa bure, na matokeo ya PALM yanaingia kwenye simu ya bei ya chini. Mwanafunzi anayelipa dola kwa kijana wa kibandani ili amwendeshee programu ya takwimu ya SPSS na kumpa majedwali asiyoyaelewa hakukosa pesa. Na mwalimu anayefundisha takwimu kwa kuandika kanuni ubaoni juu ya namba za kubuni, mwaka baada ya mwaka, bila kuleta darasani hata ripoti moja ya jimbo hili, hakuzuiwa na uwanja wa ndege. Kwa maoni yetu yeye ndiye mshitakiwa wa kwanza. Mwanafunzi ni wa pili.

Wa tatu ni mashirika. Yanawachukua vijana wetu kwa siku za uchunguzi, yanawalipa, yanaondoka na data. Kumpa kila mdodosaji nakala ya ripoti kamili, pamoja na fomu ya maswali na jedwali la sampuli, na kukaa naye asubuhi moja kumweleza majibu yake yamegeuka nini, kunagharimu kidogo kuliko mafuta ya gari moja la msafara.

Uzembe huu haukomei chuoni. Mwanzoni mwa Februari 2025 Umoja wa Mataifa ulitaja vifo 2,900 mjini Goma kutokana na mapigano yale: maiti 2,000 zilizookotwa mitaani na 900 zilizokuwa bado katika vyumba vya maiti. Hiyo ni hesabu ya waliopatikana, kwa hiyo ni kiwango cha chini. Wiki chache baadaye Waziri Mkuu Judith Suminwa, akiwa Geneva, alitaja zaidi ya 7,000 kwa mashariki yote tangu Januari, kati yao 3,000 wa Goma. Namba hizi mbili hazipingani. Zinahusu maeneo na muda tofauti. Mjini watu waligombana wiki nzima kuhusu nani anaongopa, wengine wakiwa na shahada.

Basi tunataka yafuatayo, na tunayataka kabla msimu huu wa kutetea haujaisha. Mtetezi aje na ripoti zote alizozinukuu, na juri ifungue moja yoyote kwenye ukurasa wa mbinu na imwambie aeleze kwa maneno yake, kwa Kiswahili akipenda. Somo la takwimu lifundishwe kwa ripoti za hapa, kuanzia ile ya vifo vya 1994. Na kazi yoyote yenye "wakazi wa Goma" kwenye kichwa chake na wachuuzi 384 wa soko moja ndani yake irudishwe ibadilishwe kichwa, na gharama ya kuichapisha upya ailipe mwalimu aliyeitia sahihi.